Chuo cha Ualimu Kipimwe Darasani

Yafuatayo ni maneno ambayo mwandishi wetu aliyatoa mbele ya wakufunzi na wanachuo wa ualimu, pamoja na walimu na maofisa wa elimu walioalikwa.



Nimeombwa nizungumze juu ya maandalizi ya walimu katika nchi yetu, namna ya kuyapima na namna ya kuyaboresha. Mwandishi wa habari anaposimama mbele ya walimu hana budi kwanza aeleze amepata wapi haki ya kusimama hapo. Mimi si mkufunzi, wala sijaandika kitabu juu ya malezi. Lakini nimewahi kuwa mwalimu, na namna nilivyofanywa kuwa mwalimu ndiyo iliyoniachia deni ambalo nataka kulianza kulilipa leo.

Mwaka 2007 nilikuwa nimemaliza kidato cha sita. Miaka ile wananchi, kwa jasho lao na kwa msukumo wa Serikali, walikuwa wakijenga shule za sekondari za kata kila pembe ya nchi. Majengo yalikuwapo na wanafunzi walikuwapo, ila walimu hawakuwapo. Ikaamuliwa kwamba vijana waliomaliza kidato cha sita wapewe mafunzo ya mwezi mmoja, wapewe leseni, na wapelekwe kufundisha. Wananchi, ambao hawakosi jina la kumpa mtu, wakatuita "voda fasta", kwa mfano wa ile huduma ya kuongeza salio la simu kwa haraka. Mimi nilikuwa mmoja wao.

Katika mwezi ule nilifundishwa kuandika azimio la kazi na andalio la somo. Safu zake zote nilizijua kwa moyo. Lakini sikuwahi hata siku moja kusimama mbele ya watoto huku mtu anayeijua kazi ameketi nyuma ya darasa akinitazama. Nikapewa hisabati ya kidato cha kwanza, darasa la watoto zaidi ya themanini. Nikafundisha kwa Kiingereza, kama kanuni ilivyotaka, mbele ya watoto waliokuwa wametoka kusoma miaka saba kwa Kiswahili.

Palikuwa na kijana aliyekaa karibu na dirisha. Alinakili kila nilichokiandika ubaoni, kwa mwandiko safi kuliko wangu. Nikamhesabu miongoni mwa wanafunzi wangu bora. Katika mwezi wa nne nilimtaka asome kwa sauti swali lililokuwa katika daftari lake mwenyewe. Hakuweza. Nikamwandikia sentensi fupi ya Kiswahili, nayo ikamshinda. Kumbe muda wote ule alikuwa akichora herufi, hakuwa akiandika. Darasa likacheka, naye akaketi. Mimi sikujua la kufanya, kwa kuwa hakuna aliyepata kunionyesha jinsi ya kumfundisha kusoma mtoto aliyekwisha kufika kidato cha kwanza. Nikageukia ubao nikaendelea na somo. Kabla ya mwaka kwisha kijana yule aliacha shule. Mimi nikaenda zangu Chuo Kikuu.

Sisemi haya ili kuwalaumu walioamua kutupeleka shuleni, maana bila sisi milango ile ingebaki imefungwa. Nasema haya kwa sababu moja. Kama mtu angekuja mwaka ule kuyapima mafunzo yangu, angekuta kila kitu kimetimia. Siku za mafunzo zilitimia, leseni ilikuwapo, maandalio ya somo yalikuwapo na yamepigwa saini, daftari la mahudhurio lilikuwa safi. Ripoti yake ingesema kwamba mpango umefaulu, na kijana wa dirishani asingeonekana popote katika ripoti hiyo.

Basi swali langu leo ni hili: je, vipimo tunavyovitumia kupimia maandalizi ya walimu wetu vinaweza kumwona mtoto yule?

Tulikotoka

Ndugu zangu, tatizo hili halikuanza na kizazi changu. Mwezi Novemba 1974, katika Azimio la Musoma, iliamuliwa kwamba elimu ya msingi kwa watoto wote ipatikane kufikia mwaka 1977, badala ya kungoja miaka mingi zaidi kama ilivyokuwa imepangwa hapo kwanza. Wanafunzi wa shule za msingi, ambao mwaka 1974 walikuwa takriban milioni 1.2, walikuwa zaidi ya milioni 3 mwanzoni mwa miaka ya 1980. Vyuo vya ualimu vilivyokuwapo visingeweza kamwe kutoa walimu wa kutosha kwa kasi hiyo.

Njia iliyotumika inafaa kukumbukwa. Vijana waliomaliza darasa la saba walichaguliwa, wakapewa madarasa ya chini, na wakawa wanafundisha sehemu ya siku na kusoma sehemu nyingine ya siku. Walisoma kwa njia ya posta, kwa vipindi vya redio, na kwa vikundi vilivyosimamiwa katika kata. Mwishoni waliingia chuoni kwa wiki chache na kufanya mtihani. Kwa mpango huo, kati ya mwaka 1976 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, nchi ilipata walimu zaidi ya 30,000.

Tunajua pia kilichofuata. Jina "mwalimu wa UPE" likageuka tusi. Mtoto akishindwa mtihani, "alifundishwa na UPE". Kiongozi akikosea hesabu, "huyo ni wa UPE". Hata leo wako watu wazima wanaolitumia neno hilo kwa kejeli, na hawakumbuki kwamba wao wenyewe walifundishwa kusoma na mwalimu wa namna hiyo.

Lakini wachunguzi waliowalinganisha walimu wale na wenzao waliosomea chuoni walikuta kwamba tofauti ilikuwa ndogo kuliko watu walivyodhani. Pengo kubwa lilikuwa katika kuyajua masomo yenyewe, hasa sayansi. Katika kuliendesha darasa, wengi wa walimu wale hawakuwa nyuma sana. Kwa nini? Maoni yangu ni haya. Mwalimu wa UPE, pamoja na upungufu wake wote, alijifunza ualimu akiwa darasani. Asubuhi alikutana na watoto, mchana alikutana na somo lake la ualimu, na kila siku aliweza kulipima lile la mchana kwa lile la asubuhi. Na alikuwako msimamizi katika kata ambaye kazi yake ilikuwa kumfuata alipo. Najua kwamba mara nyingi usafiri wa msimamizi ulikosekana na masomo ya posta yakachelewa. Hata hivyo mpango ulitambua kwamba mwalimu anayejifunza hana budi kutazamwa akiwa kazini. Mimi, miaka thelathini baadaye, nikiwa na elimu kubwa kuliko ya wale, sikutazamwa na mtu.

Historia ikajirudia. Mwaka 2002 ulianza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, baada ya ada kufutwa. Wanafunzi wa shule za msingi wakaongezeka kutoka takriban milioni 4.4 mwaka 2000 hadi karibu milioni 8 mwaka 2006. Safari hii mafunzo ya ualimu ya miaka miwili yakagawanywa: mwaka mmoja chuoni, na mwaka mmoja shuleni chini ya uangalizi. Kwa karatasi huo ulikuwa mpango mzuri sana, na pengine ulikuwa bora kuliko ule wa kukaa chuoni miaka yote miwili. Lakini kwa vitendo, katika shule nyingi zenye upungufu, mwanachuo wa mwaka wa pili alihesabiwa kuwa mwalimu kamili tangu siku aliyofika. Alipewa darasa, mlango ukafungwa nyuma yake, na uangalizi ukabaki kuwa neno ndani ya waraka.

Kisha zikaja sekondari za kata na sisi wa leseni. Kisha, kuanzia mwaka 2016, elimu bila malipo ikawaleta watoto wengi kwa mara nyingine, madarasa yakafurika. Na tangu Januari 2024 tuna mitaala mipya, chini ya Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 Toleo la 2023, ambayo inakusudia elimu ya lazima ya miaka kumi. Kila mara taifa limesema kwamba hakuna mtoto atakayeachwa nje, na kila mara taifa limekuwa sahihi kusema hivyo. Lakini kila mara, mambo yalipobana, kitu cha kwanza kupunguzwa kimekuwa ule muda ambao mwalimu mpya anatazamwa na kuongozwa akiwa darasani.

Gharama ya kupunguza huko tumeiona. Mwaka 2010 utafiti wa Uwezo, uliowafuata watoto majumbani mwao, ulionyesha kwamba katika darasa la tatu takriban mtoto mmoja tu kati ya watatu aliweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Katika mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2012, takriban asilimia 60 ya watahiniwa walipata sifuri katika matokeo ya kwanza, mpaka Serikali ikaunda tume na matokeo yakapangwa upya mwaka 2013. Walimu si sababu pekee ya mambo hayo. Vitabu vilikuwa haba, madarasa yalijaa, watoto wengi walishinda na njaa. Lakini mtu akisema kwamba maandalizi ya walimu hayakuhusika hata kidogo, anajidanganya.

Vipimo vyetu vya sasa

Je, leo tunakipimaje chuo cha ualimu? Kwanza, kwa mtihani wa mwisho unaotungwa na Baraza la Mitihani. Pili, kwa ukaguzi wa majengo, maktaba, idadi ya wakufunzi na sifa zao. Tatu, kwa idadi ya wahitimu. Nne, kwa alama za mazoezi ya kufundisha, ambazo aghalabu hutolewa na mkufunzi aliyefika mara moja au mbili, huku shule nzima ikiwa imearifiwa kwamba anakuja.

Vipimo hivyo vina kazi yake na sipendekezi vifutwe. Lakini vinne vyote vinapima kile ambacho chuo kinacho, au kile ambacho mwanachuo anakijua siku anapoondoka chuoni. Hakuna hata kimoja kinachomfuata hadi Machi ya mwaka wake wa kwanza kazini, akiwa na watoto mia moja katika chumba kilichojengwa kwa watoto arobaini na watano. Mkulima hapimi mbegu kwa uzuri wa gunia wala kwa muhuri ulioko juu yake. Mbegu huenda shambani, na mkulima huinama kuitazama inavyoota. Sisi tumekuwa tukihesabu magunia.

Hapa mtu makini atanipinga, na ana haki. Atasema: "Wewe mwandishi, unataka chuo kihukumiwe kwa matokeo ya watoto? Mhitimu mmoja amepangiwa shule ya mjini yenye vitabu na umeme. Mwenzake amepangiwa kijijini, walimu watatu kwa madarasa saba. Utawalinganishaje?"

Pingamizi hilo ni zito, na nchi nyingine zimekwisha kuligonga vichwa. Huko Marekani baadhi ya majimbo, Louisiana likiwa mojawapo ya yaliyotangulia, yalijaribu kuvipima vyuo vya ualimu kwa maendeleo ya watoto waliofundishwa na wahitimu wao. Mwezi Oktoba 2016 Serikali yao kuu ikatoa kanuni ya kutaka majimbo yote yafanye hivyo kwa namna moja au nyingine. Mwezi Machi 2017, kabla kanuni haijaota mizizi, Bunge lao likaifuta. Siasa zilikuwamo, lakini ilikuwamo pia shida ya kweli: tofauti kati ya chuo na chuo katika takwimu zile mara nyingi zilikuwa ndogo mno, hata ikawa vigumu kujua kama ni kazi ya chuo au ni bahati tu ya mahali mhitimu alipopelekwa.

Kwa hiyo sipendekezi kwamba vyuo vyetu vipangwe kwa safu, cha kwanza hadi cha mwisho, kwa alama za mtihani wa darasa la saba. Kufanya hivyo kutamfundisha kila mkuu wa chuo kuomba wahitimu wake wapelekwe mjini. Ninachopendekeza ni kitu cha kawaida zaidi na kigumu zaidi, yaani chuo kiende kikatazame, kisha kibadilike kutokana na kilichokiona.

Mambo matano

La kwanza ni shule za mazoezi. Karibu na vyuo vyetu vingi vya zamani ipo shule ya msingi inayoitwa "Mazoezi". Jina hilo halikuwekwa kwa bahati. Shule ile ilikusudiwa kuwa kwa chuo cha ualimu kama hospitali ilivyo kwa chuo cha uganga, mahali ambapo kazi inafanywa kila siku na wanaojifunza wanaitazama. Nawauliza, ndugu wakufunzi: ni mara ngapi kwa mwezi wanachuo wenu wanaingia katika shule ya mazoezi iliyo jirani yenu? Finland, ambayo ilihamishia mafunzo ya walimu wake katika vyuo vikuu katika miaka ya 1970, haikuziacha nyuma shule za mazoezi. Hadi leo zimeungana na vyuo hivyo. Sisi hatuhitaji kuagiza wazo hilo kutoka Ulaya, tunalo na tumelipaka rangi kwenye bango. Kilichobaki ni kulirudishia kazi yake, ili mwanachuo asisubiri wiki chache za mazoezi ya kufundisha, bali aingie darasani kila wiki tangu muhula wake wa kwanza.

La pili ni wakufunzi wenyewe. Nasema kwa heshima, kwa maana wengi wenu ni wakubwa zangu. Mkufunzi anayefundisha mbinu za kufundisha darasa la kwanza, naye hajafundisha darasa la kwanza kwa miaka kumi na mitano, anafundisha kumbukumbu. Watoto wamebadilika, mitaala imebadilika, na ukubwa wa madarasa umebadilika. Yafaa kila baada ya miaka michache mkufunzi akae muhula mmoja akifundisha katika shule ya kawaida, si kama mgeni wa heshima bali kama mwalimu wa zamu. Na kila mwanachuo apate kumwona mkufunzi wake akifundisha watoto halisi, akikosea na kujisahihisha. Kufundishana wanachuo kwa wanachuo, mmoja akijifanya mwalimu na wenzake wakijifanya watoto wa miaka saba, kuna faida yake. Lakini hakuna mwanachuo anayeweza kuigiza kutojua kusoma.

La tatu ni kuwafuata wahitimu. Kila chuo kichague, kwa bahati nasibu, baadhi ya wahitimu wake wa mwaka uliopita, mjini na vijijini, na kiwatembelee. Mkufunzi akae darasani siku nzima pamoja na mwalimu mkuu, na ikiwezekana mthibiti ubora. Wasipekue maandalio ya somo. Wajibu maswali matatu tu. Je, mwalimu huyu anajua ni watoto gani katika darasa lake ambao hawajui kusoma? Akishawajua, anafanya nini? Na ni jambo gani alilokutana nalo hapa ambalo chuo hakikumwandaa kulikabili? Majibu yarudi chuoni yakajadiliwe na wakufunzi wote, na nakala iende Taasisi ya Elimu Tanzania ambako mitaala inatungwa. Mhitimu asiadhibiwe kwa majibu hayo, maana akiadhibiwa mara moja, hakuna atakayesema kweli mara ya pili.

Hapo hapo nitaje jambo moja la ajira. Katika ajira za hivi karibuni walimu wamekuwa wakifanyiwa usaili na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma. Watu wamebishana sana juu ya haki ya usaili huo kwa mtu aliyekwisha kufaulu chuo. Mabishano hayo sitayaingia. Nasema tu kwamba usaili huo unazaa habari nyingi. Ikiwa wahitimu wa chuo fulani wanashindwa mwaka hadi mwaka katika jambo lile lile, kosa si la mhitimu mmoja mmoja, na chuo kina haki ya kulijua. Habari hizo zirudishwe vyuoni badala ya kufungiwa katika makabati.

La nne ni mwaka wa kwanza wa kazi. Katika shule zetu nyingi mwalimu mgeni ndiye anayepewa darasa ambalo wengine wamelikimbia, na mara nyingi darasa hilo ni la kwanza. Hakuna nchi inayompa rubani mpya ndege iliyojaa kuliko zote. Darasa la kwanza na la pili, mahali ambapo kusoma, kuandika na kuhesabu kunaanzia, lipewe mwalimu hodari kuliko wote, na mwalimu mgeni awe msaidizi wake kwa muda. Tunao Mpango wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, MEWAKA, tunazo jumuiya za ujifunzaji katika shule, na tunavyo vituo vya walimu. Vyombo hivyo vimpokee mwalimu mgeni kwanza, kabla ya mtu mwingine yeyote. Na jambo hili ni la lazima zaidi sasa, kwa kuwa wahitimu wengi wamekaa nyumbani miaka kadhaa wakingoja ajira. Mtu aliyeliweka jembe miaka mitano hana budi kulinoa kabla ya kuingia shambani.

La tano ni kusoma kwenyewe. Kila anayeandaliwa kuwa mwalimu, awe wa chekechea au wa fizikia ya kidato cha sita, afundishwe jinsi ya kumtambua mtoto asiyejua kusoma na jinsi ya kumsaidia. Tulipofanya marekebisho ya mtaala wa darasa la kwanza na la pili mwaka 2015 tukaweka mkazo katika KKK, tulikubali kwamba hapo ndipo msingi ulipo. Lakini mwalimu wa sekondari anaendelea kuandaliwa kana kwamba msingi huo umekamilika kwa kila mtoto anayefika kwake. Tena anaandaliwa kwa Kiingereza kufundisha kwa Kiingereza, bila kufundishwa kwa uzito unaostahili jinsi ya kumvusha mtoto kutoka lugha moja kwenda nyingine. Mwalimu wa hisabati anayesema kwamba lugha si kazi yake amekwisha kupoteza nusu ya darasa kabla ya kuandika namba ya kwanza.

Fedha zitatoka wapi?

Najua kwamba miongoni mwenu wako maofisa wanaopanga bajeti, na wameanza kuuliza kimoyomoyo. Ni kweli kwamba mambo haya yanagharimu. Lakini tuwe wakweli. Shule ya mazoezi iko umbali wa kutembea kwa miguu. Mkufunzi anayekwenda kufundisha muhula mmoja analipwa mshahara ule ule. Kumpanga mwalimu hodari darasa la kwanza ni uamuzi wa mwalimu mkuu na wala hauhitaji kasma. Kinachohitaji fedha hasa ni nauli na posho ya kuwafuata wahitimu, na hapo nawaomba mfanye hesabu rahisi. Chukueni gharama ya semina moja ya siku tano katika ukumbi wa mjini, yenye mafaili, chai na vyeti vya ushiriki. Kisha hesabuni ni mikufunzi wangapi wangeweza kwa fedha hizo kukaa siku nzima nzima katika madarasa ya vijijini. Sisemi semina zote ni bure. Nasema kwamba kwa miaka mingi tumewaita walimu waje kusikiliza, na mara chache sana tumekwenda kuwatazama.

Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alilalamika kwamba tunaithamini mno elimu ya vitabu na mitihani na kuidharau ile inayopatikana kwa kutenda. Yeye mwenyewe alisomea ualimu Makerere, akafundisha Tabora na Pugu kabla ya siasa kumchukua, na cheo cha Mwalimu hakukiacha hadi mwisho. Miaka inapita, na ni ajabu kwamba mahali ambapo maonyo yale yangepaswa kusikiwa kwanza, yaani katika mafunzo ya ualimu, ndipo bado tunampima mtu kwa karatasi zaidi ya kumpima kwa kazi.

Kwenu ninyi wanachuo

Ninamalizia kwenu, ndugu wanachuo. Haya niliyoyasema yanahitaji maamuzi ya wakubwa, na maamuzi huchukua muda. Lakini liko jambo moja ambalo halihitaji waraka wa Wizara. Mtakapokwenda katika mazoezi ya kufundisha, kila mmoja wenu amtafute mtoto mmoja: yule mwenye mwandiko mzuri, mtulivu, asiyeuliza swali. Akae naye pembeni, si mbele ya wenzake kama nilivyofanya mimi, amwombe asome mistari miwili. Akisoma vizuri, mshukuru na umwache aende kucheza. Asipoweza, andika kwa makini alikokwamia: ni herufi, ni silabi, ni neno zima, au ni lugha yenyewe.

Kisha rudi na daftari lako chuoni, simama mbele ya mkufunzi wako, na umwulize: "Nimemkuta mtoto wa namna hii. Nifanye nini?" Akiwa na jibu, utakuwa umejifunza kitu ambacho mimi sikujifunza. Asipokuwa na jibu, asione haya. Na akiandike kile ulichomwuliza, wakufunzi wakutane juu yake, na atafutwe mwalimu wa shuleni anayejua akaletwe hapa kuwafundisha nyote. Siku mtakapofanya hivyo, chuo hiki kitakuwa kimeanza kujipima chenyewe.

Sijui kijana wa dirishani yuko wapi leo. Atakuwa mtu mzima, pengine ana watoto shuleni. Inawezekana mmoja wenu akapangiwa shule ya watoto wake. Nawaomba mfike pale mkiwa mmeandaliwa kuliko nilivyoandaliwa mimi.